Daftari la Madoa

Ukutani, juu ya kaunta ya duka la dobi, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na mwenye duka, maandishi makubwa ya wino wa bluu: ANDIKA UNACHOKIONA. Ilibandikwa baada ya mteja mmoja kuleta suti yenye alama begani na kusema ni chai. Mpokeaji wa siku hiyo akaandika "chai", suti ikatiwa dawa ya chai, kumbe alama ile ilikuwa kutu, na bega zima likatoboka. Tangu hapo hapakuandikwa tena chai, wala damu, wala mafuta. Katika daftari la kupokelea iliandikwa rangi ya doa, ukubwa wake na mahali lilipo. Mteja aseme apendavyo, mpokeaji aandike alichokiona kwa macho yake kabla nguo haijaguswa na maji.

Aliyeishika sheria hiyo kwa miaka ishirini na sita ni mwanamke ambaye mpiga pasi wa duka, Mzee Pasi, alimbatiza Bi Doa. Jina lilimkaa. Wateja wapya walidhani ni la ukoo.

Bi Doa alikuwa mtoto wa mlinzi wa ghala. Alimaliza kidato cha nne akitaka ualimu, alama hazikutosha, akaingia kwa dobi kushika nafasi ya mtu aliyekuwa likizo ya mwezi mmoja, na yule mtu hakurudi. Aliolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume binti akiwa bado shule ya msingi. Alimlea, akamsomesha, akamwoza. Baada ya hapo aliishi peke yake katika vyumba viwili kwenye nyumba ya mstari mmoja, ukuta kwa ukuta na wapangaji wengine. Hakuwa mtu wa maneno mengi mtaani. Maneno yake aliyaweka kwa ajili ya saa nne asubuhi.

Saa nne mashine zilikuwa zimeshajazwa na nguo za kwanza bado hazijakauka. Hapo Bi Doa alifuta kaunta, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi shingoni, akafungua gazeti na kulisoma kwa sauti. Mzee Pasi aliisimamisha pasi. Mkunja nguo, mama mwenye watoto wanne na kicheko cha kusikika barabarani, alivuta stuli. Bi Doa alikuwa na sauti nzuri, nzito kidogo, ya kutua mahali pa kutua. Na aliliamini gazeti. Hilo ndilo kosa lake, na lilitokana na kazi yake: kwa kuwa yeye aliandika alichokiona tu, alidhani kila anayelipwa kwa kuandika ana karatasi kama ile ukutani kwake.

Katika chumba kilichopakana na vyake walikaa mume na mke. Mume alikuwa mwalimu wa udereva, mtu nadhifu, mwepesi wa salamu. Mke alikuwa mpokeaji wageni katika hoteli, na hoteli ilitaka blauzi nyeupe isiyo na dosari. Kwa hiyo kila juma alileta blauzi tatu kwa Bi Doa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alimwita Bi Doa "mama mdogo" na mara nyingi alikuwa na haraka.

Jumamosi moja, kama saa kumi jioni, Bi Doa alikuwa mlangoni kwake akichambua mchele. Alisikia sauti ya mke kupitia ukuta: "Nipe ufunguo. Nipe ufunguo tu, sitaki kitu kingine." Alirudia mara tatu. Ilisikika meza ikiburutwa, kisha kitu kizito kikianguka, kisha kimya. Baada ya kimya, maji ya bomba yalifunguliwa yakatiririka muda mrefu. Kisha mume akatoka, shati lake limelowa kifuani, akakaa kwenye kizingiti.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Bi Doa alijibu kabla hajainua macho.

Polisi walipofika, mke alikuwa ameshakufa. Begi lake la nguo lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa zipu.

Kesho yake alikuja mwandishi wa habari kwa pikipiki. Hakuizima. Alimkuta Bi Doa uani akianika.

"Mama, huyu bwana alikuwa mtu wa namna gani?"

"Anasalimia. Akipita lazima asalimie."

"Wivu je? Alikuwa na wivu?"

"Mapenzi ya watu, mwanangu, mimi nitayajulia wapi?"

Mwandishi aliandika kitu, akashukuru, akaondoka. Hakuuliza alisikia nini, na Bi Doa, aliyezoea kujibu anachoulizwa, hakumwambia.

Jumatatu saa nne gazeti lilikuwa juu ya kaunta.

"Haya, leo kuna nini?" aliuliza Mzee Pasi.

"Tulia, usinikimbize." Bi Doa alirekebisha miwani. "'Wivu wamponza mrembo wa hoteli.'"

"Si yule wako wa blauzi?"

"Ndiye. Acha nisome. 'Mwalimu wa udereva anayesifika kwa upole anadaiwa kupandwa na hasira baada ya kukuta ujumbe wa mapenzi katika simu ya mkewe. Penzi lililokuwa tamu kama asali liligeuka shubiri. Marehemu, aliyejulikana kwa kupenda kujipamba, alifikwa na mauti papo hapo. Jirani mmoja alisema mtuhumiwa ni mtu wa watu.'" Alinyanyua uso. "Jirani huyo ni mimi."

"Wewe! Umetoka gazetini na hata soda hujatununulia?"

"Sikusema mtu wa watu. Nilisema anasalimia."

"Si ndiyo hiyohiyo," alisema mkunja nguo. "Lakini simu hizi, jamani, zitatumaliza. Mimi ya kwangu naitupa mezani, baba watoto aione mchana kweupe."

"Na yake anaitupa wapi?" Mzee Pasi alitaka kujua.

"Yake? Analala nayo kifuani kama kichanga."

Walicheka mpaka mteja aliyeingia akauliza kuna sherehe gani. Walimweleza, naye akaanza habari ya shemeji yake na simu mbili. Jioni redioni kulikuwa na kipindi cha saa nzima cha wasikilizaji kupiga simu, na swali lilikuwa: je, ni halali mume kushika simu ya mkewe? Watu kumi na wanane walichangia. Wengine walisema ni halali, wengine si halali. Mwanamke alikuwa amekufa, na watu wazima wenye akili timamu walikuwa wakibishana kuhusu chombo cha mfukoni. Hakuna aliyewalazimisha. Waliulizwa swali, wakalijibu.

Bi Doa alisimulia kisa kile bombani, kwenye foleni ya duka la mkate, na kwa binti yake kwa simu. Mara ya kwanza alianza na ufunguo. Wasikilizaji walimkatiza: "Na simu je?" Mara ya pili aligusia simu ili asikatizwe. Kufikia mara ya tano simu ilikuwa mwanzoni na ufunguo umesogea mwishoni. Kufikia mara ya kumi ufunguo haukuwapo kabisa. Hakusema uongo kama anavyosema mwongo, anayejua ukweli ulipo na kuuzunguka. Alikuwa ameupoteza njiani na hakujua kwamba ameupoteza.

Wiki ya tatu aliitwa kituoni kuandikisha maelezo. Askari aliandika kwa mkono, akamsomea, naye akatia saini: "Nilisikia mume akimuuliza mkewe ni nani anayemwandikia kwenye simu, ndipo ugomvi ukaanza."

Miezi ikapita. Siku kumi kabla ya kesi kusikilizwa, mwanamke wa miaka kama sitini aliingia dukani. Alisimama mbele ya kaunta kwanza, kama mtu anayesoma ile karatasi ya ukutani, kisha akatoa kwenye pochi risiti ya duka iliyokunjwa mara nne.

"Nimeikuta katika vitu vya mwanangu," alisema. "Mimi ni mama yake yule wa hoteli."

Bi Doa alitoka nyuma ya kaunta akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, dada. Pole. Mimi ndiye jirani. Niliyasikia yote kwa masikio yangu. Ile simu, dada, ile simu ndiyo iliyoleta balaa."

"Wewe ndiye uliyesikia simu?"

"Mimi ndiye."

"Mdogo wangu, basi nieleze." Sauti ya mama haikupanda. "Alisemaje hasa? Mwanangu alimjibu nini?"

"Alimuuliza, ni nani anayekuandikia…"

Alikuwa akiitafuta sauti ya yule mwanamume ikitamka maneno hayo, na aliyoikuta ni sauti yake mwenyewe, ile ya saa nne, yenye kutua mahali pa kutua. Alijaribu tena. Ilikuja ileile.

"Nakuuliza kwa sababu moja," alisema mama. "Wakili wa yule mume anasema ni hasira ya dakika moja, hakukusudia. Anasema jirani alisikia habari ya simu na ameiweka kwenye maandishi. Wakikubaliwa, atakaa ndani miaka michache, atarudi kufundisha watu kuendesha gari. Kama ulisikia, sema, mimi nitanyamaza. Kama hukusikia, usimbebeshe mwanangu lawama."

Mkunja nguo, aliyekuwa akisikiliza, aligeukia ukutani akaanza kukunja upya mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Bi Doa alirudi nyuma ya kaunta, kwa kuwa hapo ndipo alipojua la kufanya, akachukua risiti na kufungua daftari kutafuta namba. Blauzi ilikuwa ya Ijumaa, siku moja kabla ya kifo. Mwandiko ulikuwa wake.

"Blauzi nyeupe, mikono mirefu. Vifungo viwili vya juu havipo, kitambaa kimechanika pale vilipokuwa. Kola: poda nyingi, ndani na nje. Doa la kahawia nyuma ya kola, upana wa vidole viwili."

Alilisoma kimya. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akarudi nyuma juma moja, na jingine, mpaka mwanzo wa daftari, miezi minane. Mwezi wa kwanza blauzi zilikuwa na mikono mifupi. Wa pili, mikono ilikuwa imeongezwa kitambaa. Mshono begani umeachia. Poda kwenye kola. Poda kwenye kola. Kiwiko cha kushoto, doa jekundu, dogo. Kifungo kimoja hakipo. Poda kwenye kola. Aliyeandika yote hayo ni yeye, kwa kalamu hiyohiyo iliyokuwa sikioni mwake, na hakuwahi kuyasoma pamoja. Kazi haikumtaka asome, ilimtaka aandike na kupitisha nguo kwenye maji.

"Blauzi iko wapi?" aliuliza mama.

Ilikuwa kwenye reli ya nyuma, ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa nyeupe, imenyooka, imeshonwa vifungo vipya viwili. Doa lilikuwa limetoka lote. Bi Doa alikumbuka kwamba lilipotoka alifurahi na kumwita Mzee Pasi aje aone.

"Dada," alisema, "sikusikia simu. Nilisoma."

Mama alimtazama. "Utasema hivyo mbele yao?"

"Nitasema."

"Basi ikae hapahapa kwanza. Nitaifuata."

Mwenye duka hakupenda. "Bi Doa, unataka kupeleka daftari langu mahakamani? Wateja watasemaje? Kwamba ukituletea shati tunapekua na ndoa yako?"

"Bosi, ile karatasi niliibandika mimi?"

"Hilo ni la nguo!"

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Bosi alizunguka duka mara mbili, akanung'unika, mwishowe akafunika majina ya wateja wengine kwa vipande vya karatasi na kumkabidhi daftari ndani ya mfuko wa plastiki, kama nguo ya mteja wa heshima.

Wakili wa serikali, mwanamke mfupi mwenye mafaili mpaka sakafuni, alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akamwambia wazi: "Mama, utaandikisha maelezo mapya, na wakili wa upande wa pili atayashika yale ya kwanza. Atakuita mwongo mbele ya watu. Uko tayari?"

"Ataniita kwa haki. Nilitia saini."

Siku ya kesi alivaa gauni la kijivu alilolipiga pasi mwenyewe. Wakili wa mshtakiwa alikuwa mpole mwanzoni.

"Shahidi, polisi uliwaambia ulisikia habari ya simu. Kweli, si kweli?"

"Kweli, niliwaambia."

"Leo unasema hukusikia."

"Sikusikia. Nilisikia akiomba ufunguo. Habari ya simu niliisoma gazetini, nikaisema mara nyingi mpaka nikaiona yangu."

Watu walicheka. Wakili aliwaachia wacheke.

"Kwa hiyo ukisoma kitu, unakisikia?"

"Ilinitokea. Naona aibu."

"Na tutajuaje kwamba huo ufunguo nao hukuusoma mahali?"

Bi Doa alifikiri. "Haukuandikwa mahali," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

Aliulizwa tena na tena kwa karibu saa nzima. Mara mbili alijichanganya kuhusu saa, mara moja alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja. Mshtakiwa alimtazama muda wote kwa utulivu, na alipopitishwa karibu naye wakati wa mapumziko aliinamisha kichwa kumsalimu. Safari hii Bi Doa hakuitikia. Daftari lilipokelewa kama kielelezo. Jaji alilifungua, akalisoma kimyakimya, akageuza kurasa nyingi, akaandika. Hakuna aliyelisoma kwa sauti.

Kesho yake gazeti lilisema: "Shahidi ajikanyaga kizimbani." Mzee Pasi alilinunua, akalisoma peke yake, akalitandika chini ya kopo la maji ya pasi.

Hukumu ilitoka baada ya miezi minne. Jaji alisema simu iliyotajwa haikuthibitishwa na shahidi yeyote, na kwamba mtu hapandwi na hasira ya dakika moja kwa miezi minane. Alilitaja daftari mara nne. Mwalimu wa udereva alipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, akafungwa maisha. Gazeti lilitoa habari hiyo ukurasa wa tano, picha yake akiwa na tai. Kichwa kilikuwa: "Wivu wamtupa jela maisha." Daftari halikutajwa.

"Wameirudisha ileile," alisema mkunja nguo. Hakucheka. "Hawakuwapo mahakamani?"

"Walikuwapo," alisema Bi Doa. "Nilimwona yule wa pikipiki."

Rufaa ilikatwa na kushindwa, na ndipo daftari liliporudishwa, limepigwa muhuri wa mahakama kwenye jalada. Mama wa marehemu aliambiwa, akaja. Ilikuwa karibu saa nne. Bi Doa alimshushia blauzi kutoka kwenye reli, ilipokuwa imekaa karibu miaka miwili, akaufuta vumbi mfuko wake wa nailoni kwa kitambaa.

Mama hakuipokea mara moja. "Kule mahakamani daftari walipeana tu mkono kwa mkono," alisema. "Sikusikia kilichoandikwa. Nisomee."

"Yote, dada?"

"Yote."

Mzee Pasi alichomoa pasi kwenye umeme. Mkunja nguo akasogeza stuli kwa mgeni, yeye akabaki wima. Bi Doa alivaa miwani na kufungua mwanzo. Alisoma tarehe, nguo, rangi, mahali, upana. Hakutumia sauti yake ya gazeti, alisoma kama mtu anayehesabu mashuka. Mashine moja ilikuwa ikikamua, ikanyamaza akiwa katikati. Ilimchukua dakika kumi na tano kufika Ijumaa ile ya mwisho, vifungo viwili, poda, vidole viwili.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. "Alipoileta hiyo ya mwisho," aliuliza, "alisema nini?"

"Hatuandiki maneno ya mteja, dada."

"Najua. Nakuuliza wewe. Ulikuwapo. Alisema lolote? Alinitaja?"

Hapo Bi Doa angeweza kumpa kitu. Maneno mazuri yalikuwa karibu, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuyapinga. Mzee Pasi, aliyemfahamu miaka yote hiyo, alimwona akifungua mdomo na kuufunga.

"Sikumbuki," alisema. "Nikikwambia nakumbuka, nitakuwa natunga."

Mama akavuta blauzi, akaiweka mapajani, akashika kola kwa vidole viwili.

"Basi nisomee tena hicho kilichopo," alisema.

Bi Doa akarudi ukurasa wa kwanza.